Kushuti Filamu ya Jeraha la Utotoni Bila Kuongeza Majeruhi

Unapopanga filamu yako, anza na ndoo. Uani kwa bibi, kijiji cha uwanda wa juu upande wa Newala, mkoani Mtwara, bomba limefunguliwa, ndoo ya lita 20 imeshajaa, maji yanamwagika na hakuna anayekuja kufunga. Mtazamaji wa Dar es Salaam ataona maji tu. Mtazamaji wa Newala au Tandahimba, aliyekulia kwenye nyumba ambamo maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, ataacha kutafuna. Nyumba ile ina mtu ndani, na mtu huyo hawezi kutoka. Sekunde 18 za ndoo hiyo zinafanya kazi ambayo waongozaji wengi hujaribu kuifanya kwa dakika 3 za mtoto kupiga kelele gizani, na zinaifanya vizuri zaidi.

Filamu huru kuhusu mtu aliyeumizwa utotoni ikaharibika, mara nyingi imeharibikia hapo. Mtengenezaji ameamini kwamba kiini cha hadithi ni lile tukio, akatumia siku 2 za kushuti na nusu ya machozi ya waigizaji wake kulionyesha. Tukio ni dakika chache. Kiini ni miaka 17 inayofuata: mtu anaamka, anapika, anauza, anacheka, na bado hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Huko ndiko kamera ikae.

Tuchukue mfano mmoja tuukate vipande. Somoe, miaka 28, anarudi kutoka Dar es Salaam kwa sababu bibi yake kavunjika mguu na mikorosho haina wa kuokota. Ni Oktoba. Ghalani, anayesoma mizani ni mwanaume aliyemuumiza akiwa na miaka 11. Korosho hazina njia nyingine halali ya kufika mnadani ila kupitia ghala hilo. Njia isiyo halali ipo: kangomba, anayenunua kwa kipimo chake na bei yake, nyumbani, usiku. Somoe anauza magunia mawili kwa hasara ili asisimame mbele ya mizani ile. Bibi anaona hesabu hazilingani. Hapo una filamu, na hujamgusa mtoto yeyote.

Kiwewe hakikumbukwi kama sinema. Waandishi wa skripti hupenda kurudisha nyuma matukio yote kwa mpangilio, kingo za picha zikiwa nyeupe na muziki wa kinanda ukipita chini. Mtu halisi hukumbuka kwa vipande visivyofuatana: kitasa, kifungo cha shati, harufu. Mwili hukumbuka kabla ya akili. Moyo unakwenda mbio na mwenyewe hajui umeshtuliwa na nini. Kwa Kusini harufu hiyo unayo bure, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanayochacha chini ya miti kuanzia Oktoba, na hurudi kila mwaka utake usitake. Tatizo ni kwamba skrini hainuki. Basi harufu ionyeshwe kwa anachofanya mtu: Somoe anaokota mistari ya pembeni tu, ile ya katikati ya shamba anawaachia vibarua na kuwalipa kwa fedha yake. Halafu mpe tabia moja ndogo ambayo hakuna anayeieleza. Kila anapokinga maji, anasimama juu ya ndoo na kufunga bomba kabla haijajaa. Mara ya kwanza dakika ya 6, mara ya pili dakika ya 20. Ndoo inayofurika ije dakika ya 50. Mtazamaji ataunganisha mwenyewe, na akiunganisha mwenyewe hasahau.

Maneno. Hapa ndipo skripti nyingi husikika kama tafsiri ya semina. Hakuna bibi wa Tandahimba anayesema "alifanyiwa ukatili wa kijinsia". Husema "jambo lile", "yaliyompata mtoto", au husema "ameharibiwa". Hilo la mwisho lichunge. Linatamkwa kwa huruma, lakini linamweka mtoto upande wa vitu vilivyoharibika, na mtoto aliye pembeni analisikia. Neno la kortini, kubakwa, kulawitiwa, liachie mtu mmoja tu kwenye filamu nzima na alitamke mara moja. Likitamkwa mara tano linakuwa taarifa ya habari. Mazungumzo ya Kimakonde yaandikwe na mzungumzaji, kisha yasomwe na mzee wa kijiji kile mtakachoshuti, maana Kimakonde cha Newala na cha Msimbati havifanani masikioni mwa wenyewe, na watazamaji wa Mtwara watacheka mahali pasipofaa.

Sini, yaani onyesho, iliyo kubwa kuliko zote ni kikao cha ukoo. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni mjomba. Asiandikwe kama jini; anajaribu kuokoa jina la ukoo, anapanga faini, anasema yaishe nyumbani, na kila mzee anaitikia. Hakuna anayeinua sauti. Kikao hicho kisheria hakimalizi chochote, lakini ndicho kilichomfundisha Somoe kunyamaza. Kamera iwe chini, sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini, usawa wa macho ya mtoto aliyeketi mkekani, watu wazima waonekane magoti, mikono na vikombe. Wape dakika 6. Nguo ni adui wa sauti hapa: kanga mpya yenye wanga inakwaruza maikrofoni ya kifuani, ifueni mara 3 kabla ya siku yenyewe.

Na mtoto aliye kwenye kikao asisikie mazungumzo yale. Mkishuti uso wake, wazee walio nyuma ya kamera wazungumzie bei ya mnada uliopita, nani kakatwa kiasi gani, nani anadai. Atawaangalia mmoja baada ya mwingine akijaribu kufuata, na uso huo hasa ndio mnaoutaka. Sauti za kikao halisi zinawekwa baadaye.

Kuhusu huyo mtoto. Mhusika ana miaka 11, lakini tafuta mwigizaji wa miaka 14 mwenye umbo dogo. Sababu ni mbili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu, na inakataza kazi ya usiku kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Sababu ya pili ni kwamba wa miaka 14 anaelewa tofauti ya kuigiza na kuishi, na anaweza kusema "sitaki" akamaanisha. Usaili usiwe wa kulia. Anayemwambia mtoto "kumbuka kitu kilichokuumiza" ili apate machozi hajui anafungua nini, na hana wa kukifunga. Mpe mchezo: achambue kilo moja ya korosho daraja la kwanza na la pili huku mtu akimuuliza maswali, anayeweza kufanya kazi kwa mikono na kusikiliza kwa wakati mmoja anafaa kamera. Kama kuna dalili kwamba kayapitia yaliyomo kwenye skripti, usimpe nafasi hiyo, na usimwambie sababu mbele ya wengine.

Mzazi au mlezi asome skripti yote. Kama hasomi, asomewe yote, pamoja na kurasa ambazo mtoto hayumo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajulishwe kabla ya mkataba kusainiwa. Mtoto mwenyewe aambiwe ukweli kwa kiasi chake: mhusika kaumizwa na mtu mzima aliyeaminiwa, watu wakanyamaza, akakua. Namna alivyoumizwa haimhusu. Jina la mhusika lisifanane na lake hata kidogo. Pawe na neno la kusimamisha kazi, "embe" linatosha, na siku ya kwanza mpe nafasi ya kulitumia bure mara mbili, kamera inazunguka kweli, watu wote wakasimama kweli. Asipoona likifanya kazi siku ya mchezo hatalitumia siku ya shida. Lokesheni awepo mama mmoja ambaye kazi yake ni mtoto tu, mwalimu mstaafu kwa mfano, si mzazi na si mtu wa mwongozaji, mwenye mamlaka ya kusema basi hata jua likiwa zuri. Saa 4 kwa siku mbele ya kamera zinatosha, na zikiisha anavua nguo za mhusika, ananawa uso, anaitwa kwa jina lake na kula na wenzake.

Sasa mlango, yaani lile tukio lenyewe. Sini hii hujengwa kwa vipande ambavyo havikutani mpaka kwenye uhariri. Mwanaume na mtoto wasiwe fremu moja, na ikiwezekana wasiwe siku moja. Siku ya mtoto mnahitaji picha tatu tu: anaweka ndoo bombani, anageuka kama aliyeitwa, anaangalia juu. Kwa ile ya tatu, simamisha fito yenye utepe mwekundu sentimita 160 kutoka chini, umbali wa mita moja na nusu, na umwambie ahesabu kimyakimya kutoka 60 kurudi nyuma kwa kuruka tatutatu huku akiangalia utepe. Uso wa mtu anayehesabu kwa bidii ukiunganishwa na mlango unaofungwa husomeka kuwa ni hofu, na yeye alikuwa kwenye 39. Siku ya mwanaume, kamera iwe usawa wa macho ya mtoto, kama sentimita 130, lenzi ileile na umbali uleule. Kwa urefu huo fremu itakata kidevu chake: kinachoonekana ni vifungo, mkono, funguo. Mkikosea urefu wa utepe kwa sentimita 20 macho ya mtoto hayatalingana na kimo cha mwanaume, na mtazamaji atahisi uongo bila kujua umetoka wapi, kwa hiyo pimeni kwa futi ya fundi na mwandike.

Ndoo inashutiwa mwisho, wakati mtoto kashaondoka. Kumwaga maji uwandani mbele ya majirani ni kutafuta ugomvi, na ni haki yao. Chimbieni beseni pana chini ya ndoo, lifunikeni changarawe, maji yarudi kwenye pipa. Teki nne, yaani kuirudia picha mara nne, zinamaliza lita 60 hivi, na karibu zote zinaweza kwenda kwa ng'ombe au bustani.

Kalenda ya Kusini haimhurumii mtengenezaji. Mtoto yupo likizo Juni na Desemba. Mabibo yapo Oktoba. Desemba mvua zinaanza na barabara za vijijini zinakuwa tope. Njia inayofanya kazi ni kugawa: utoto wote Juni, utu uzima Oktoba na Novemba. Juni mikorosho haina matunda bado, kwa hiyo picha za mtoto ziwe za ndani, za uani na za barazani. Mkono mdogo unaookota bibo mnaushuti Oktoba kwa kumtumia mwanamke mwenye vidole vyembamba. Lakini ulizeni ratiba ya kupulizia. Kuanzia Juni wakulima hupuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, nao hufanya alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia, yaani saa zilezile mnazotaka mwanga. Mashine inasikika mbali, na vumbi lile la manjano linachoma macho na kukaa kwenye lenzi.

Oktoba shida ni jua. Mtwara ipo kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na mnamo tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Kuanzia saa 5 hadi saa 8 mchana macho ya mwigizaji ni mashimo mawili meusi. Shutini nje saa 12:30 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 hadi jua linapozama, muda mfupi baada ya saa 12. Katikati ingieni ndani. Chini ya mkorosho mkubwa ni kinyume, giza la kijani na nje kunawaka; shuka jeupe la mita 2 kwa 2 lililoshikwa pembeni linaokoa uso. Na angalieni juu kabla ya kusimamisha chochote. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, hukaa kwenye miti hiyo, hushuka kwa miguu ya kamera, na mwigizaji anayeng'atwa shingoni harudii teki.

Kuna sini ambayo kila mtu huitaka, ya kubangua korosho motoni. Mafuta ya ganda huunguza ngozi na hushika moto ghafla, moshi wake unawasha koo. Afanye mtu aliyezoea, waigizaji wakae upande upepo unakotoka, mita 3, na zile wanazomenya mikononi ziwe zilizobanguliwa jana yake.

Sauti ya ndani huharibiwa na bati. Kuanzia alasiri jua likilegea bati hupoa na kulia, tak, tak, katikati ya ukimya mliouandaa wiki nzima. Tandazeni magunia mabichi juu ya paa au shutini ukimya asubuhi. Minazi ikipigwa na kusi inasikika kama mvua. Julai na Agosti pwani ya Mikindani bila manyoya ya maikrofoni msijisumbue. Adhana ipangieni kwenye ratiba, watu waswali, kazi irudi. Rekodini dakika moja ya ukimya wa kila chumba. Ukimya wa chumba kimoja haufanani na wa kingine, na filamu hii imejengwa kwa ukimya. Taa za umeme wa gridi zinataka fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inapepesa.

Mwigizaji mkubwa naye analindwa. Sini ya Somoe kukosa pumzi ghalani: mtu anayehema harakaharaka kweli kwa teki kumi hupata kizunguzungu na ganzi vidoleni, kwa sababu mwili umepoteza hewa ya ukaa kupita kiasi. Sekunde 30, teki tatu, kisha mapumziko. Mabega yafanye kazi, pumzi zirekodiwe peke yake akiwa amekaa. Jasho ni gliserini na maji nusu kwa nusu kwenye chupa ya kupulizia.

Karatasi, kwa kifupi: kibali cha Bodi ya Filamu, barua kwa wilaya, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na mkutano mmoja wa wazi. Watu wageni wenye kamera na mtoto ni lazima watiliwe shaka, na shaka hiyo ni afya. Droni ina vibali vyake, na karibu na mpaka wa mto Ruvuma iacheni nyumbani. Jando na unyago msiziguse. Nyimbo zake si za kila sikio, na kumtupia nyakanga, mwalimu wa unyago, lawama za mtu mwenye funguo za nyumba ni uvivu wa kuandika. Picha zinakula nafasi: megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa, saa 12 za picha ni 540, nakala tatu, moja ilale nyumba nyingine.

Lipo jambo ambalo ratiba nyingi hazina, na litatokea. Mtu atakuja. Mama wa chakula, kijana wa bodaboda, msichana aliyesimama uzioni siku tatu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kijiji mnachoshuti kimo humo. Mteueni mapema mtu mmoja wa kupokea. Asirekodi, asihoji kwa undani, asiahidi siri kwa mtoto, aseme nani atajulishwa na kwa nini. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna namba 116 inayopigwa bure kwa mambo ya watoto. Kama ni jambo la siku hizi, kituo cha afya kwanza na haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Asioge, na nguo zisifuliwe. Na hadithi yake isiingie kwenye skripti, hata kwa jina lingine. Kijiji chenye nyumba 200 kinamtambua mtu kwa rangi ya mlango.

Onyesho la kwanza liwe kijijini, shuka na projekta, jenereta mita 40 nyuma ya nyumba. Si kwenye kibanda umiza cha video, ambako mlango ni mmoja na aliyekaa mbele hawezi kutoka bila kukanyaga watu. Acheni njia pana kushoto na kulia, taa hafifu upande mmoja, na mtangaze kabla filamu inahusu nini na kwamba kutoka si aibu. Watoto wasiwepo. Baada yake wanawake na wanaume wazungumze mbalimbali. Mkiwaweka pamoja wataongea wajomba.

Mwigizaji mtoto aone vipande vyake mapema, nyumbani, na mzazi, akiwa na uwezo wa kusema kipi kimemkera. Vipande vyake visivyotumika vifutwe kwenye nakala zote tatu, si moja, na mzazi ashuhudie. Wasambazaji wataomba uso wake kwenye bango, machozi yanang'aa, kidole mdomoni. Wapeni ndoo.